Mchagua Jembe Si Mkulima: Neno kwa Wapiga Picha Safarini



Likizo inapokaribia, vijana wa Likasi hufunga mizigo. Mmoja anakwenda Lubumbashi kwa shangazi yake, mwendo wa kilomita 120 hivi. Mwingine anakwenda Kolwezi kwenye arusi. Wa tatu anataka kuyaona maji ya mto Lufira yaliyozuiwa na bwawa la Mwadingusha. Wengi wao huuliza swali moja: "Nikitaka kupiga picha njiani, nichukue kamera ya namna gani?" Swali hili ni jema, nasi twapenda kulijibu. Lakini nyuma yake liko swali jingine lililo kubwa zaidi: picha ile itamfaa nani, na kwa muda gani? Tuanze na vyombo, kisha tufike huko.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Mwenye kulima kweli hushika jembe lililopo na kuingia shambani. Asiyetaka kulima hukaa sokoni akipima mipini. Ndivyo ilivyo kwa kamera. Wako watu wanaojua bei ya kila lenzi, na wala hawana picha moja nzuri ya mama yao.

Tukumbuke watu wa zamani walivyotaabika. Kati ya mwaka 1898 na 1900 msafara wa Charles Lemaire ulipita katika nchi ya Katanga. Ndani yake alikuwamo mpiga picha, François Michel, na mchoraji, Léon Dardenne. Siku zile kamera za misafara zilikuwa masanduku mazito, na wapiga picha wengi walitumia vipande vya kioo vilivyoweza kuvunjika njiani. Mizigo ya namna hiyo ilibebwa na wapagazi. Leo kijana hubeba mfukoni chombo kinachopiga picha mia kabla ya chakula cha mchana. Basi asiseme kwamba hana vyombo.

Tumtazame pia Jean Depara, aliyezaliwa mwaka 1928 nchini Angola akaja kuishi Kongo. Alikuwa fundi wa kutengeneza baiskeli na kamera, tena mfanya biashara ya vyuma chakavu. Mwaka 1950 alinunua kamera ndogo ya Adox ili arusi yake ipate kumbukumbu. Kwa mwanzo huo mdogo aliendelea kujifunza, hata mwaka 1954 mwanamuziki Franco alimchagua kuwa mpiga picha wake. Depara hakungoja kupata chombo cha kitajiri. Alianza na jambo la nyumbani mwake, kwa kamera aliyoweza kuinunua.

Basi shauri letu juu ya mzigo ni hili. Chukua kamera moja na lenzi moja, ile isiyovuta vitu vya mbali sana wala kupanua sana. Kwa kamera kubwa, lenzi ya milimita 35 au 50 yatosha. Kama una simu tu, simu yatosha. Ongeza betri ya akiba, maana umeme waweza kukosekana huko uendako. Kadi mbili za kuhifadhi picha, ili moja ikiharibika usipoteze safari nzima. Kitambaa laini na safi cha kufutia kioo. Na mfuko wa plastiki unaofungika vizuri.

Mfuko huo si wa anasa. Wakati wa kiangazi, tangu Mei hata Septemba, barabara zetu za udongo hutoa vumbi jekundu linaloingia kila mahali. Mwenye kubadili lenzi kando ya barabara huku magari ya madini yakipita hulikaribisha vumbi ndani ya kamera, na doa moja litaonekana katika picha zote zitakazofuata. Mwenye lenzi moja hana haja ya kuifungua. Tena hujifunza kutumia miguu yake: akitaka sura iwe kubwa, husogea karibu, akitaka nyumba nzima ionekane, hurudi nyuma. Kwa kusogea karibu hulazimika kumsalimu mtu, na hapo ndipo picha njema huanzia. Nayo fedha iliyobaki ilipe shule ya watoto. Hakuna lenzi inayostahili kumrudisha mtoto nyumbani.

Baada ya chombo, jifunze mwanga. Likasi iko kusini ya ikweta kwa nyuzi 11 hivi. Kwa hiyo katika mwezi wa Februari, na tena katika Oktoba, jua la saa sita mchana hupita karibu wima juu ya utosi. Saa ile macho ya watu huwa mashimo meusi na pua hutupa kivuli mdomoni. Piga picha za watu asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi. Kama ni lazima iwe mchana, mpeleke mtu chini ya mwembe au barazani, mahali penye kivuli kilicho sawa. Mwishoni mwa kiangazi, moshi wa moto wa nyika huifanya anga kuwa nyeupe. Usiijaze picha yako na anga hiyo isiyo na kitu.

Liko jambo jingine linalowasumbua wengi. Mbona katika picha za shule mashati huonekana vizuri na nyuso hupotea? Sababu ni hii. Kamera haijui shati wala uso. Hupima mwanga wote kwa pamoja na kujaribu kuuweka katikati, kati ya weusi na weupe. Ikikutana na ukuta mweupe na mashati meupe, hudhani mwanga umezidi, nayo huupunguza. Hapo nyuso zetu nyeusi hugeuka giza. Kwa miaka mingi, hata mitambo ya kusafishia picha za rangi ilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, na watu weusi hawakuangaliwa. Basi kosa si la ngozi yetu. Dawa yake ni rahisi: gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo, au ongeza mwanga hatua moja kwenye kamera, au msimamishe mtu mbele ya majani mabichi badala ya ukuta mweupe. Jaribu mara tatu kwa njia tatu, na utaona tofauti kwa macho yako.

Tena jiwekee kipimo. Zamani mkanda wa filamu ulitoa picha 36, na kila moja ilikuwa na gharama yake. Kwa hiyo mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Leo picha ni bure, na kwa sababu hiyo wengi hawafikiri. Katika safari yako jipe picha 36 kwa siku. Jioni keti uzitazame moja moja, ujiulize: Nilitaka kuonyesha nini? Je, kinaonekana? Nimesimama mbali mno? Kujiuliza hivyo kwa siku tano kutakufundisha kuliko kununua chombo kipya.

Sasa tuseme juu ya watu. Usimpige mtu picha kama mwindaji anayevizia mnyama. Msalimu, mwambie jina lako na utokako, kisha omba ruhusa. Akikataa, mshukuru uende zako. Mchimbaji aliyejaa matope na mama anayeuza samaki kando ya bwawa wana heshima ile ile ya bwana arusi. Tena uwe mwangalifu: askari, madaraja, viwanja vya ndege, nyumba za serikali na machimbo ya madini visipigwe picha pasipo ruhusa. Kijana anaweza kunyang'anywa kamera, au kulala kizuizini, kwa picha moja ya daraja.

Na sasa tumefika kwenye swali letu la kwanza: picha itamfaa nani? Mwana wa nchi yetu, Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alianza kwa kuchora katuni. Aliazima kamera ili apate picha za kumsaidia kuchora. Baadaye akawa mpiga picha mwenyewe. Katika kazi yake iitwayo Mémoire, ya mwaka 2006, alichukua picha za kale za wafanyakazi wa machimbo, akaziweka juu ya picha alizopiga mwenyewe za viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Mwaka 2011, katika kazi iitwayo Congo Far West, alizirudia picha za François Michel na michoro ya Dardenne, wale wa msafara wa Lemaire. Yeye na wenzake walianzisha pia Picha, chama cha sanaa cha Lubumbashi chenye jina la Kiswahili chetu, na maonyesho yao ya kwanza yalifanyika mwaka 2008.

Mtu akizitazama picha zile za kale, moyo humchoma kwa jambo moja. Jina la mpiga picha twalijua. Jina la mkuu wa msafara twalijua. Lakini watu wengi wanaosimama mbele ya kamera hawana jina. Ni baba wa nani yule? Alitoka kijiji gani? Huenda mjukuu wake anapita leo katika njia za Shituru au Panda, naye asijue kwamba babu yake anatazamwa na wageni katika nyumba za makumbusho. Hasara hiyo haikuletwa na kamera mbaya. Kamera ilifanya kazi yake vizuri. Ila hakuna aliyeandika jina.

Hasara ile ile twaifanya sisi wenyewe kila siku. Simu hujaa picha elfu, kisha huibwa au huanguka majini, na picha zote hupotea. Katika sanduku la nyumbani mna picha za siku zile mji huu ulipoitwa Jadotville, kabla ya mwaka 1966, na wazee wanaoweza kuzitaja sura zile wanazidi kupungua.

Kwa hiyo, kijana msafiri, ongeza katika mzigo wako kitu kimoja kisicho na bei kubwa: daftari na kalamu. Kila umpigapo mtu picha, andika jina lake, mahali na tarehe. Urudipo, chagua picha kumi, uzichapishe kwenye karatasi, na uandike majina nyuma yake kwa penseli. Moja mpelekee mwenyewe kama ulivyomwahidi. Maana mpiga picha asiyetimiza ahadi humharibia njia yule atakayekuja baada yake.

Nanyi mnaobaki nyumbani juma hili, kazi yenu ni hii: fungueni sanduku la picha mbele ya bibi au babu, mkaulize, "Huyu ni nani?" Andikeni jibu siku ile ile.