Jina la Mahali na Sururu ya Mwanaakiolojia: Maoni kuhusu Katuruka

Magofu ya mawe hayana haja ya mtetezi. Mabafu ya Kidichi, Unguja, yaliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Seyyid Said, na ambamo husimuliwa kuwa wawili hao walipumzika baada ya kuwinda, hujieleza yenyewe kwa kuta na makuba yake. Buhaya hali ni nyingine. Msafiri atokaye Kashai, mjini Bukoba, akaelekea kusini hadi Katuruka, hakuti ukuta wa kale wa kikale, yaani makao ya kifalme, ya Rugomora Mahe, aliyetawala Kyamutwara katika karne ya 17. Nyumba za msonge zilikuwa za miti na nyasi. Kambi ya mawindo ya mfalme, ambayo watu walilala siku chache wakaihama, ingeacha machache zaidi.

Basi Peter Schmidt alijuaje pa kuchimba mnamo 1970? Aliongozwa na masimulizi. Wazee walimwonyesha mti wa Kaiija, jina ambalo kwa Kihaya lina maana ya mahali pa kufulia chuma, wakamweleza jinsi Rugomora Mahe alivyowaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka. Uchimbuaji hapo ulifichua mavi ya chuma na vigae vya vyungu vya Urewe. Vipimo vya mkaa viliirudisha kazi hiyo hadi milenia ya kwanza kabla ya Kristo, ingawa tarehe kongwe zaidi zimebishaniwa sana.

Wako wanaoona hapa kumbukumbu iliyodumu miaka elfu mbili bila kukatika. Mimi nasita. Mkulima achimbaye shimo la mgomba hukutana na mavi ya chuma, na yawezekana kisa cha mnara kilizuka, au kilihamia hapo, ili kuyaeleza. Lakini hata tukikubali hivyo, hoja haidhoofiki: kuna watu waliousoma udongo ule, wakaupa jina na kisa, kabla mtaalamu hajafika na futikamba yake. Kazi yao ni ya kitaalimu, na kuiita ngano tu ni kuionea.

Jambo hili lina uzito wa pekee Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Maradhi hayo yaliwaondoa wengi waliokuwa katika umri wa kuyapokea mapokeo kutoka kwa wazee. Jina la kilima huweza kubaki midomoni mwa watoto ilhali sababu yake imekwisha kuzikwa.

Nasi wa taaluma za lugha tuko wapi? Maandishi makuu juu ya Katuruka ni ya Kiingereza, na ndani yake maneno ya wazee huja yakiwa yamekwisha kufasiriwa. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kupima kama "Kaiija" imefasiriwa sawasawa hana matini ya Kihaya mbele yake. Napendekeza kila timu ya uchimbuaji iende na mwanaisimu anayeijua lugha ya mahali, na kila ripoti iambatishe masimulizi katika lugha yake ya asili pamoja na tafsiri ya Kiswahili, nakala moja ikibaki kijijini kabla mashimo hayajafukiwa.