Mrefu Bure? Wacheni Kumzika Rakimani Mchanga

Wasee, wacha niseme hii mapema ndio mkianza kunitukana mjue mnanitukania nini. Mashabiki wengi wa AFL, ule mpira wa Australia wa kupiga kwa mguu na ngumi, hawajui kumhukumu rakimani mchanga. Hawajui kabisa. Na nyinyi wa hapa kwetu mlioanza kuufuata juzi kwa klipu, tayari mmechukua tabia zao mbaya kabla hamjajua hata sheria.

Kwa wale bado hawajashika, rakimani ni nani? Uwanja wa AFL una umbo la yai, mkubwa kuliko wa soka, na kila timu ina watu 18 ndani. Kila mwisho kuna milingoti minne. Ukipiga mpira ukapita katikati ya miwili mirefu, pointi 6. Ukipita kando yake, pointi 1. Mchezo ukianza, na kila mara mpira ukikwama kwa rundo la watu, refa anauanzisha hewani na warefu wawili, mmoja kila timu, wanaruka kuugombania. Hao ndio rakimani. Wanaruhusiwa kuushika, lakini ukiushika hapo unaangukiwa na watu watatu, kwa hivyo kazi kubwa ni kuusukuma kwa kiganja uangukie mwenzako mfupi anayepita mbio. Halafu wewe mwenyewe, na kilo zako mia na kitu, unakimbia mpaka mahali mpira utakwama tena. Robo nne, kila moja dakika 20, na saa inasimama mpira ukisimama.

Sasa hadithi ya kila msimu. Rakimani mkubwa wa timu anaumia goti. Kocha hana budi, anamtoa dogo wa miaka 20 kwa timu ya akiba. Wiki ya kwanza dogo anasifiwa mpaka mama yake anaona aibu. Wiki ya pili anasukumwa na mzee wa miaka 31 kama mlango. Wiki ya tatu kila mtu mwenye simu ni mtaalamu: laini, hana mikono, auzwe, mrefu bure.

Hiyo "mrefu bure" ndio imenifanya niandike.

Mimi ni futi sita na inchi nne. Nikiwa kidato cha pili mwalimu wa michezo aliniona nimesimama kwa laini ya chakula, akaamua mimi ni senta wa basketi. Hakuniuliza kama nimewahi kushika mpira. Jumamosi ya kwanza wakaniweka katikati na jamaa wa kidato cha nne mwenye mabega ya mtu anayebeba mawe. Niliruka mapema, yeye akangoja, akaniwekea nyonga kidogo tu, nikaanguka na matako mbele ya shule mbili. Shule nzima ilicheka mpaka nikamaliza kidato cha nne. Hakuna mtu alisema, "huyu ni wiki yake ya kwanza." Walisema, "na vile ni mrefu!" Yaani urefu ulikuwa deni ambalo nilifaa kulipa hapo hapo.

Basi najua kitu kimoja ambacho mtu mfupi kwa kochi hajui. Kuruka ndio sehemu rahisi. Kazi yote inafanyika kabla miguu haijatoka chini: umesimama wapi, nyonga yako iko mbele ama nyuma ya yake, umengoja sekunde nusu ama umeenda haraka. Hiyo haifundishwi kwa jimu. Unaipata kwa kuangushwa, na kuangushwa kunaonekana vibaya kwa runinga.

Chukueni Mason Cox. Huyu ni Mmarekani wa Texas, sentimita 211, alikuwa anacheza basketi chuoni Oklahoma State huku akisoma uhandisi. 2014 AFL ilienda Marekani kutafuta warefu, wakampima, Collingwood wakamsajili. Jamaa ana miaka 23 na hajawahi kucheza mchezo huo hata siku moja maishani. Wenzake walianza kuupiga ule mpira wenye umbo la yai wakiwa na miaka mitano. Yeye alianza kujifunza jinsi ya kuuachilia udondoke kwa mguu ukiwa umenyooka, kitu ambacho mtoto wa Melbourne anafanya akiwa amelala.

Akakaa timu ya akiba karibu misimu miwili. Kisha 25 Aprili 2016, Siku ya Anzac, siku ya kukumbuka wanajeshi wao, akaingizwa kwa mechi yake ya kwanza dhidi ya Essendon, uwanja wa MCG, zaidi ya watu 80,000. Mpira wake wa kwanza kabisa kuupiga ukawa goli. Mnajua kilichofuata. Shujaa! Hadithi ya sinema! Na hapo ndipo shida ilianzia, kwa sababu tangu siku hiyo mashabiki walisahau kwamba huyu mtu bado alikuwa mwanafunzi. Mechi akidaka mipira mikubwa hewani, ni fundi. Mechi akiidondosha mitatu, ni mchezo wa sarakasi, kwani klabu inafanya majaribio na pesa zetu za uanachama?

2018, nusu fainali dhidi ya Richmond, ambao walikuwa mabingwa watetezi na kila mtu alijua wanapita tu. Cox akafunga magoli matatu kwa robo ya pili peke yake, akidaka mipira juu ya vichwa vya mabeki bora wa nchi. Collingwood wakashinda kwa pointi 39. Uwanja ukawa unaimba jina la nchi yake, yu-es-ei, yu-es-ei, watu wa Melbourne hao. Wiki iliyofuata wakapoteza fainali kwa West Coast kwa pointi 5, na msimu mpya ulipoanza mjadala ukarudi pale pale kama hakuna kitu kilifanyika.

Mimi sisemi Cox alikuwa mzuri kila wiki. Kuna mechi alikuwa ovyo, na kocha alimrudisha akiba zaidi ya mara moja, na mara nyingine ilikuwa haki yake kabisa kurudishwa. Kumrudisha mchezaji akiba si dhambi. Ninachokataa ni ile hesabu mnayotumia kusema ameisha.

Hesabu gani? Ile namba ya runinga. Rakimani huyu amegusa mpira wa kwanza mara 38, yule mara 21, basi huyu amemmaliza yule, tufunge mjadala. Buda. Mguso ulienda wapi? Ukiugonga mpira ukaangukia adui, umemfanyia kazi adui, lakini namba yako inapanda vilevile. Wachambuzi wenyewe wa AFL wanahesabu kando miguso iliyofika kwa mwenzako akiwa na nafasi, na hiyo hesabu ni ndogo sana ukilinganisha na ile kubwa mnayopiganiana nayo.

Mnataka ushahidi? Fainali ya 2017. Richmond walikuwa na rakimani mmoja wa kweli, Toby Nankervis. Akichoka, aliyeingia kuruka dhidi ya warefu wa Adelaide alikuwa Shaun Grigg, kiungo wa kawaida kabisa, anayepitwa na hao jamaa kwa kichwa. Alijua atapoteza mguso. Timu nzima ilijua. Kwa hivyo wenzake hawakusimama mahali mpira ungeanguka kama angeshinda, walisimama mahali ungeanguka akipoteza, wakaurukia hapo. Richmond 108, Adelaide 60. Ubingwa wao wa kwanza tangu 1980. Na nyinyi mnataka kumuua dogo wa miaka 20 kwa sababu amepoteza miguso 17.

Kwa hivyo dogo akionekana mbovu, kabla hujaandika chochote angalia miguu ya viungo wake. Wamezoea rakimani mkubwa, wanajua ataupeleka begani kulia, wameshaanza kukimbia huko. Dogo anaupeleka kushoto, si kwa kukosa, ni kwa sababu hapo ndipo alipopata upenyo. Hakuna mtu. Mpira unaokotwa na adui, kamera inamwangalia dogo. Kosa ni la watu wanne, lakini aliye mrefu ndiye anaonekana.

Halafu kuna swala la muda, na hapa nitawaudhi pia wale wa "mpeni muda tu". Muda peke yake haufanyi kitu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na nina shangazi ambaye kila Krismasi anasema "atatulia tu na wakati." Shangazi, nisamehe, wakati hauna mikono. Nimekaa usiku nikijifunza kukata video ndio maana najua kukata video. Rakimani ni hivyo hivyo.

Max Gawn wa Melbourne alichukuliwa 2009. Mechi ya kwanza 2011. Goti likamkatalia, akapotea, na kuna wakati alijulikana zaidi kwa kukamatwa akivuta sigara kuliko kwa mpira. Kuingia kikosi bora cha msimu mara ya kwanza ilikuwa 2016. Miaka saba! Na 2021 ndiye nahodha aliyenyanyua kombe ambalo Melbourne walikuwa hawajaliona tangu 1964. Sasa jiulizeni, 2013 mngesema nini juu yake? Mngemtengenezea picha za kucheka, mimi nawajua.

Hata tukiacha rakimani, tuangalie mtu aliyezaliwa hapa hapa Kenya. Aliir Aliir, familia ya Sudan Kusini, alizaliwa kambi ya Kakuma, Turkana, 1994. Akaenda Australia akiwa mtoto. Sydney Swans walimchukua 2013 na hakucheza mechi ya timu kubwa mpaka 2016. Leo watu wanamwita mmoja wa mabeki wasomi wa kusoma mpira hewani, na 2021 aliingia kikosi bora cha msimu akiwa Port Adelaide. Angehukumiwa kwa msimu wake wa pili, mngekuwa mnahukumu mtu ambaye hata hakuwa uwanjani.

Najua mtanijibu nini. "Mashabiki wanalipa." Ndio, wanalipa. Collingwood ina wanachama zaidi ya 100,000, na kila mmoja ana haki ya kukasirika Jumamosi. Mwingine atasema ligi si shule, kama hayuko tayari asichezeshwe. Hiyo hoja ina uzito, sitaikimbia. Kuna vijana wameharibiwa kwa kuingizwa mapema na miili yao ikavunjika. Lakini basi mkasirikieni aliyepanga kikosi bila rakimani wa pili. Hamfanyi hivyo. Kumcheka kijana ni rahisi kuliko kusoma orodha ya majeruhi.

Na hii ndio inanichekesha zaidi. Rakimani mkubwa wa Collingwood miaka yote hiyo, mbele ya Cox, alikuwa Brodie Grundy. Kikosi bora 2018 na 2019, wakampa mkataba wa miaka saba. Kwa namba za runinga, huyo ndiye mfalme, na Cox ndiye mzigo. Mwisho wa 2022 Collingwood wakamwachilia Grundy aende Melbourne. Kule akakuta Gawn, wawili hawakushikana vizuri, na kuna wiki Grundy mwenyewe alikuwa anacheza akiba. Collingwood wakabaki na Darcy Cameron na yule Mtexas, ambaye tayari alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho na anacheza na miwani myeusi kama msee wa matatu.

30 Septemba 2023, fainali. Kwa saa zetu ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, kama saa moja na nusu. Nilikuwa kwa kitanda na bando la mwisho, simu imeegemea sufuria, chai imepoa. Collingwood 90, Brisbane 86. Pointi nne. Cox alikuwa ndani, miaka 32, na medali ya ubingwa shingoni, tisa tangu asajiliwe bila kujua mpira unashikwaje.

Sijawahi kuona mtu mmoja kati ya wale wa 2019 akirudi kusema "nilikosea." Hata mmoja. Wamehamia kwa dogo mwingine.

Sasa mechi ikija, fanyeni hivi. Msiangalie mpira refa akiuanzisha. Angalieni nyonga za hao wawili, halafu angalieni nani anaokota. Hesabuni wenyewe kwa karatasi, robo moja tu. Halafu kujeni kwa komenti na hiyo karatasi tubishane. Bila karatasi sijibu mtu.