Msaada Ufike Mlango wa Mwisho

Mnamo tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, ilimeguka kufuatia mvua kubwa. Maji, tope, mawe na magogo yakaporomokea mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, nyumba na maduka yakafukiwa, na barabara kuu inayopita mjini hapo kati ya Babati na Singida ikajaa tope. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba huo haukuwa mlipuko wa volkano; miamba dhaifu ilinyonya maji hata ikashindwa kujihimili.

Tunalikumbusha jambo hili kwa kuwa kila msimu wa mvua una hatari yake, na funzo la Katesh halijazeeka.

Ni haki kusema kwamba Serikali haikulala. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, aliikatiza ziara yake. Askari walipelekwa kuokoa watu na kufungua njia, na skuli zikageuzwa makambi. Lakini mitambo ilipofika, majirani walikwisha kushika majembe. Nyuma yao wakafuata wananchi wa kila namna na unga, magodoro na nguo. Wengi wao hawakutumwa na mtu, wala hawakudai posho.

Sisi wa visiwani tunawafahamu watu wa aina hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, wavuvi walikuwa miongoni mwa waliowatoa watu baharini. Waliookolewa walizidi 600. Kwa hiyo hatuna haja ya kuhubiriwa thamani ya mtu wa kujitolea. Linalotupasa kujiuliza ni hili: hisani yake tunaiwekea njia, au tunaiachia ijitafutie?

Hisani isiyo na njia hupotea. Anayepeleka mchele kwa mtu ambaye sufuria yake imechukuliwa na tope amempa nusu ya msaada. Anayefunga robota la nguo nyepesi za pwani na kulipeleka chini ya mlima wenye baridi, ambako watu wanahitaji mablanketi, ametumia nauli ya bure. Kwetu sisi hasara hiyo ni kubwa zaidi, kwani kila gunia litokalo hapa hulipiwa kwanza boti, kisha lori. Basi tuulize kabla ya kufunga mzigo: wanahitaji nini, wako wangapi, na nani atapokea? Tukumbuke pia kwamba misaada humiminika wiki ya kwanza na kukauka wiki ya sita, wakati mwathirika anapotafuta mbegu, jembe na madaftari ya watoto.

Kwa upande wa watendaji wa Serikali, tunayo mambo matatu. La kwanza, msaada usingojee sherehe. Si uungwana magodoro kulala ghalani yakimsubiri mgeni rasmi aje kupigwa picha, huku watoto wanalala sakafuni. La pili, kila kitu kinachopokelewa kiandikwe, mleta apewe stakabadhi, na orodha ya vilivyoingia na vilivyotoka ibandikwe hadharani ili kila mtu aisome. Mwananchi akiona hesabu hatanung'unika, na mwaka ujao atatoa tena.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote. Daftari la kambi huwahesabu waliomo kambini. Halimwoni kwa urahisi mjane aliyehifadhiwa na shemeji yake, wala mzee aliyekataa kuiacha nyumba yake iliyobaki ukuta mmoja. Hao hujulikana na mtu wa mtaani, yule kijana abebaye ndoo begani na kupita mlango kwa mlango. Serikali ina lori na ghala. Mtu wa kujitolea anazijua njia za panya na majina ya watu. Mkono mmoja haulei mwana.

Sheria zipo. Bara inayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na Zanzibar inayo sheria yake ya mwaka 2015. Kinachotakiwa ni kuzishusha mpaka kijijini na katika shehia. Kila sheha na kila mtendaji wa kijiji awe na orodha ya watu walio tayari kujitolea, kabla ya wingu kutanda: nani ana chombo, nani ana gari, nani amefunzwa huduma ya kwanza. Siku ya maafa watu hao wakae meza moja na kamati, na daftari lao la mlango kwa mlango liunganishwe na la Serikali, liwe daftari moja.

Hatusemi hivi kwa kuwadharau waliotoa, wala kwa kuwalaumu walioongoza. Twasema kwa sababu mvua haituulizi kama tuko tayari. Wananchi wamekwisha kuonyesha moyo. Ni juu ya viongozi kuonyesha utaratibu. Kipimo cha kazi yao wote kisiwe wingi wa malori yaliyoingia mjini, bali yule mjane wa nyumba ya mwisho: je, amefikiwa?