TUJIFUNZE PAMOJA: Bwiza imekaa juu ya mawe ambayo hayajaiva

Mwezi huu tunazungumzia mawe. Shuleni watoto wanafundishwa "miamba mashapo", wengi wanakariri tu. Sisi tuliotoka Bwiza tunacho cha kuwaeleza, maana tulikulia juu yake.

Mnakumbuka mtu akichimba choo kule kwetu? Anakuta mchanga, halafu udongo unaonata, halafu kokoto za mviringo, kisha mchanga tena. Hizo ndizo tabaka. Mto Ntahangwa na mingine kama Muha na Kanyosha hushuka milimani ikibeba kila kitu. Ikifika tambarare ya Imbo, maji yanapoteza nguvu: mawe yanabaki kwanza, mchanga unasogea mbele kidogo, na tope laini ndilo linafika mpaka ndani ya Ziwa Tanganyika.

Ziwa lenyewe lina kina cha kama mita 1,470, na chini ya hapo bado kuna mashapo ya unene wa kilomita kadhaa! Ni kazi ya mamilioni ya miaka. Tabaka la juu linakandamiza la chini, maji yanakamuliwa, na chokaa au madini mengine yaliyoyeyuka majini yanashikanisha chembe kama saruji. Mchanga unakuwa jiwe la mchanga. Tope linakuwa jiwe linalobanduka vipande vyembamba. Maganda ya konokono yakirundikana sana, yanaweza kuwa jiwe la chokaa.

Bwiza bado haijafika huko. Yaliyokwisha kuiva yako Moso, kusini-mashariki mwa Burundi. Na waliovuka mpaka kwa njia ya Manyovu, mkoa wa Kigoma, walipita kwenye nchi ya mawe mekundu ya mchanga, pengine bila kuyatazama (nani angetazama mawe siku ile?). Usitafute mifupa humo: yalitandikwa kabla wanyama wenye mifupa hawajakuwepo duniani. Pwani ni tofauti, kule mawe ya matumbawe yalitoka kwa viumbe wa baharini, na ndiyo yaliyojengea nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar.

Sasa wazazi, hapa tusikilizane. Kazi hii ya maji haikuisha zamani. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua ilishusha tope na mawe kaskazini mwa Bujumbura, Kamenge na Kinama, na watu zaidi ya 60 wakafa. Kingo za Ntahangwa nazo zinamomonyoka na kuondoka na nyumba, kwa sababu chembe zake hazijashikana. Ni hivyo hivyo kwa mashimo ya mchanga na ya udongo wa matofali hapa kambini. Ukuta wa shimo unasimama kiangazi chote, mvua ikinyesha unaporomoka ghafla. Mtoto asicheze chini yake, hata kama amefuata kivuli tu.

Watoto, jaribuni hili: chukueni chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, tieni konzi ya kokoto ndogo, ya mchanga na ya udongo, jazeni maji, tikiseni sana, halafu muiache bila kuigusa. Kesho yake mtaona kokoto chini, mchanga katikati, tope laini juu. Ichoreni mumpelekee mwalimu.