Kangomba haibatizwi

KUTOKA STESHENI
Na Hilda Nandonde

Ukifika Nachingwea utaonyeshwa kata iitwayo Stesheni. Usiulize treni inapita saa ngapi. Reli ililetwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wao wa karanga, ulioanza 1947 na kufa 1951. Nayo iling'olewa zamani, likabaki jina. Nakaa huko, ndiyo maana safu hii inaitwa hivyo, na nimezoea kuishi na jina ambalo mwenyewe kaondoka. Wiki hii nina jina jingine la namna hiyo: Mkristo mwaminifu.

Kwetu, mahubiri ya uaminifu hupenda kuanzia 1905. Agosti ile, vita vya Majimaji vilipopamba moto, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale. Misheni za Nyangao na Lukuledi zikachomwa, na Sista Walburga Diepolder wa Nyangao naye akapoteza maisha. (Waliopigana walikuwa babu zetu hao hao, na kodi na mashamba ya pamba ya Mjerumani hayakuwa mambo ya kubuni. Mhubiri anayelisahau hilo anahubiri nusu.) Tunasikiliza, tunatikisa vichwa, kisha kila mmoja anajiambia moyoni kwamba siku ya mkuki ikifika naye atasimama.

Mkuki hauji. Anayekuja ni jirani, mwezi wa Februari, giza likianza kuingia, anaomba elfu hamsini. Mahindi ya mwaka jana yameisha ghalani, ya mwaka huu bado mabichi, na mtoto anatakiwa shule. Mkorosho haujatoa hata ua. Anasema: nipe hiyo hamsini, Oktoba chukua gunia langu moja.

Msomaji wa Ruangwa au Nachingwea hahitaji kuelezwa kangomba ni nini. Kwa wa mbali: lilikuwa jina la kipimo cha mtaani kisicho na muhuri wa serikali, na sasa ni jina la biashara nzima ya kumnunua mkulima kwa njaa yake, nje ya mizani ya chama cha msingi na nje ya mnada wa chama kikuu cha ushirika, RUNALI. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80. Msimu wa 2017 bei ilipita shilingi 3,000 kwa kilo. Piga hesabu mwenyewe: elfu hamsini ya Februari ilizaa zaidi ya laki mbili kabla ya Krismasi, na aliyeipanda hakushika jembe.

Mjomba wangu alikuwa katekista. Kwetu Wamwera mjomba si mtu mdogo, neno lake ndani ya ukoo lina uzito kuliko la baba, na wa kwangu aliongeza uzito huo kwa kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza miaka mingi. Mwaka ule wa bei nzuri yeye ndiye aliyegongewa mlango, na alikuwa na hamsini. Akatoa. Oktoba akachukua gunia, akalipeleka ghalani kwa jina lake, malipo yakaingia benki. Hakuna sheria ya kijiji iliyovunjwa ambayo mtu angemshtakia. Jirani mwenyewe alimshukuru.

Jumapili iliyofuata jirani yule alikaa benchi la nyuma yake. Mjomba alinisimulia mambo haya tukibangua korosho uani, bila kuniangalia. "Mpwa wangu, wakati wa kupeana amani nilishika mkono wake nikausikia mgumu kama gome. Nikarudi kukaa." Hakwenda kukomunika siku hiyo, wala iliyofuata. Wiki kadhaa watu wakadhani anaumwa. Mwisho alikwenda kwa padre, na padre, ambaye namheshimu mpaka leo, hakumpa rozari tatu na kumwachia aende. Alimuuliza gunia liliuzwa shilingi ngapi.

Fedha zilikuwa zimeshakuwa bati la jikoni. Basi akaanza kulipa, laki moja na tisini na kitu, kidogo kidogo, kwa misimu miwili. Mkewe alinung'unika waziwazi, na sina haki ya kumlaumu, kwa sababu ndiye aliyekosa kitenge. Ninachokiona hapo ni kwamba mjomba alichagua mara mbili: mara ya kwanza vibaya, kwa dakika moja, mlangoni, na mara ya pili vizuri, kwa miezi kama ishirini. Hakuna aliyemwimbia wimbo.

Katikati ya deni hilo likaja jambo la Novemba 2018. Rais John Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, na wenye kilo nyingi wakatakiwa kuonyesha mashamba zilikotoka. Ndipo tukawaona watu wazima wakitembea katikati ya mikorosho ya wenzao wakijifanya wanaijua. Baadhi ni watu wa madhehebu yetu. Mmoja tumeimba naye sauti ya pili.

Na kanisa lilifanya nini? Lilipokea. Nasema hivi nikiwa muumini. Jumapili ya shukrani ya mavuno, bahasha nene hutangazwa kwa jina, mwenyewe anasimama, makofi yanapigwa, na hakuna anayeuliza gunia ni la nani. Mtu akioa mke wa pili anatengwa na sakramenti. Akienda kwa mganga, habari zitafika parokiani kabla hajarudi. Akimlipa mjane elfu hamsini kwa gunia zima, anachaguliwa kwenye kamati ya ujenzi.

Jirani zangu Waislamu, ambao huku ni wengi, wana neno moja kali kwa jambo hili: riba. Wapo wanaoila, lakini hata anayeila anajua jina lake. Sisi tunaita "kusaidiana". Nabii Amosi, mtu wa mifugo na mikuyu, aliwasema wafanyabiashara waliotamani sabato iishe upesi warudi kupunja vipimo na kumnunua maskini kwa bei ya kandambili. Sijawahi kusikia somo hilo likihubiriwa msimu wa korosho. Hutajwa harakaharaka, kisha matangazo ya harambee.

Lipo jambo linaloweza kufanyika, nalo halihitaji mradi kutoka Ulaya. Kwaresima huangukia miezi hiyo hiyo ya njaa. Jumuiya nyingi zina vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA, ambavyo wakati huo masanduku yake yamefungwa. Mapadre na wachungaji wa Nachingwea na Ruangwa, nawaomba: kabla ya kutangaza mfungo, muulize jumuiyani nani anafunga tayari bila kutangaziwa. Lifungueni sanduku, mkopesheni kwa daftari, alipe Novemba kiasi kile kile alichochukua, na gunia lake alipeleke mwenyewe kwenye chama.

Elfu hamsini inatosha kuanzia.