Wakora wa bei wapekuliwe, lakini kwa sheria

Tuseme ukweli, vijana wengi hatuna huruma na kampuni kubwa. Ukisikia maafisa wa Mamlaka ya Ushindani Nchini (CAK) wameingia ofisi za kampuni fulani asubuhi na mapema bila kubisha hodi, utasema, "Wacha wapate!" Na una sababu. Agosti 2023, mamlaka hiyo ilizipiga kampuni 9 za chuma faini ya zaidi ya Sh338 milioni kwa kula njama ya kupanga bei. Bei ya chuma ikipangwa kisirisiri, anayeumia ni wewe unayeweka akiba ujenge kachumba kako, na yule fundi wa mtaani anayechomelea milango na madirisha.

Sasa mbona niwatetee? Siwatetei. Ninachotetea ni njia ya kuwanasa.

Njama ya bei haibandikwi ukutani. Inapangwa hotelini, kwa simu, kwa ujumbe wa WhatsApp. Ukimwandikia mshukiwa kwamba utamtembelea kesho, usiku wa leo kila kitu kitafutwa. Ndiyo maana Sheria ya Ushindani, kifungu cha 32, inawapa maafisa walioidhinishwa uwezo wa kuingia na kupekua. Hapo sina ubishi.

Lakini soma Katiba yako ya 2010. Kifungu cha 260 kinasema neno "mtu" linajumuisha kampuni, chama au kundi la watu, liwe limesajiliwa au la. Kisha rudi Kifungu cha 31: kila mtu ana haki ya faragha, ikiwemo kutopekuliwa mali yake, kutonyakuliwa vitu vyake na kutochunguliwa mawasiliano yake. Haki hiyo ina mipaka, sawa, lakini mipaka yenyewe lazima iwekwe na sheria na iwe ya kiasi. Na usidhani inawahusu mabwanyenye tu. Ile kampuni ndogo uliyosajili na marafiki zako wawili kuuza nguo mtandaoni pia ni "mtu".

Halafu kuna Kifungu cha 50(4), ambacho wengi hatukifahamu. Ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki hutupwa nje iwapo kuutumia kutaharibu kesi au kuchafua utoaji haki. Yaani afisa akipekua ovyo leo, wakili wa kampuni atacheka kesho. Mkora anarudi nyumbani, bei inabaki palepale.

Ulaya wameshajifunza somo hili kwa gharama. Novemba 1985, maafisa wa Ufaransa walivamia kampuni 56 za ujenzi wa barabara kwa wakati mmoja na kubeba maelfu ya stakabadhi, bila idhini ya jaji. Mwaka wa 2002, katika kesi ya Colas Est, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema ofisi ya kampuni nayo inaweza kulindwa jinsi nyumba ya mtu inavyolindwa, na kwamba Ufaransa ilikiuka haki hiyo.

Ujerumani nako, Tume ya Ulaya ilipekua kampuni ya reli ya Deutsche Bahn mwaka wa 2011 kuhusu bei ya umeme wa treni. Kabla ya kuingia, maafisa walikuwa wameambiwa pia kuhusu lalamishi jingine ambalo halikuwa kwenye uamuzi wa upekuzi. Wakakuta karatasi zake, wakazitumia kuanzisha upekuzi mwingine. Mwaka wa 2015, mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ikafuta upekuzi huo wa baadaye. Ukija kutafuta mbuzi, usipekue kabati la vijiko.

Usinielewe vibaya. Haki si kichaka cha kujifichia. Kampuni ya E.ON ilitozwa faini ya euro milioni 38 mwaka wa 2008 kwa sababu lakiri iliyobandikwa na wapekuzi kwenye mlango wa ofisi yake kule Munich ilipatikana imevunjwa. Na katika kesi ya Orkem ya 1989, mahakama ilisema kampuni lazima itoe stakabadhi na ijibu maswali kuhusu mambo yaliyotendeka, ila haiwezi kulazimishwa kukiri kosa lenyewe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tajiri naye vivyo hivyo.

Hili linakuhusu zaidi ya unavyodhani, kwa sababu upekuzi ukitokea saa mbili asubuhi, bosi huwa bado yuko kwenye foleni ya magari. Anayekutana na maafisa ni wewe wa mapokezi, wewe karani, wewe uliyeingia kwa attachment wiki jana. Usiwafungie mlango, kuwazuia ni kosa. Usifute hata ujumbe mmoja. Lakini omba kuona vitambulisho na barua ya idhini, na usome wanatafuta nini hasa. Mpigie bosi na wakili wa kampuni. Andika orodha ya kila kinachobebwa. Ukiulizwa kitu usichokijua, sema hukijui, usibuni.

Kwa CAK, ombi langu ni moja. Hata pale sheria inapowaruhusu kuingia kwa idhini yenu wenyewe, nendeni kwanza kwa hakimu, mwelezeni mnachoshuku na mnachotafuta, kisha mkabishe. Hakimu anaweza kuwasikiliza faraghani, kwa hivyo siri haitavuja. Mtapoteza saa chache, lakini mtaingia kortini na ushahidi usiotikisika. Sisi tunaonunua mabati tunataka kesi hizi zishindwe na serikali, tena zishindwe kabisa, hata rufaani.