Jaluba Dogo la Uani

Mama wa Kagongwa anayeamua kulima mboga uani hashindwi na jua wala na ufinyu wa eneo. Hushindwa na maji. Baina ya Juni na Oktoba mvua haipo, na kila ndoo ina mahali pengine pa kwenda.

Sisi wenyewe tulianza vibaya. Tuliinua matuta marefu, ya kupendeza. Upepo wa kiangazi ukayakausha pande zote, mchicha ukadumaa, nasi tukawa tunamwagilia asubuhi na jioni huku tukiiogopa ankara ya maji.

Kilichotuzindua ni majaluba ya mpunga tuliyokuwa tukiyapita kila siku. Mkulima wa Usukuma huizungushia ardhi kingo ili maji yakifika yasiondoke. Mboga za kiangazi nazo zataka hivyo hivyo. Chimba kitanda chenye upana wa mita moja, mkono upate kufika katikati bila kukanyaga, nacho kishuke kiasi cha kiganja chini ya usawa wa ua. Changanya udongo na samadi iliyoiva, kwani mbichi huunguza mizizi. Juu yake tandaza pumba za mpunga, ambazo katika mji huu wa mashine za kukoboa si kitu cha kuhangaikia. Zikae juu tu. Zikifukiwa kwa wingi huoza polepole na kuipokonya mimea chakula. Novemba mvua zikianza, fungua ukingo mmoja maji yapate kutoka.

Ama maji, tuyatazame ya udhu. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akitawadha mara tano kwa lita moja, humwaga lita 25 kwa siku. Na lita moja si uchache: Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ujazo usiofika lita hiyo. Katika madhehebu ya Shafi maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu hubaki tohara, ingawa hayatoharishi tena. Mchicha hauna haja ya zaidi ya hapo. Weka jiwe la kutawadhia kando ya jaluba, mbali na choo, na mfereji mdogo utafanya kazi iliyobaki.

Liko jambo moja ambalo hatuwezi kulipita kwa haraka. Kuanzia Kahama hadi Geita tunaishi juu ya dhahabu, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuinasa. Marudio yanayobaki mwaloni ni mchanga laini, ambao asiyejua aweza kuuona mzuri kwa kitalu. Usiuchukue. Zebaki haiozi, hukaa udongoni miaka mingi, nayo hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na zaidi ya wote humdhuru mtoto aliye tumboni. Kuosha mboga huondoa vumbi, hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Basi karai la kuoshea dhahabu lisibebe samadi, kiroba kilichobeba mawe ya karasha kisipandwe kitu, na pipa lililokuwa na sayanaidi lisiingie nyumbani kabisa, hata likisuguliwa vipi.

Twajua neno hili ni zito kwa nyumba ambayo riziki yake hutoka mwaloni. Ikiwa baba amewahi kuchomea dhahabu uani, bustani isiwe ua huo. Omba pembe ya kiwanja kwa wifi au kwa jirani, ulime huko, nanyi mgawane mavuno. Wala pasionewe haya kuuliza, kabla ya kupanga nyumba, uani pamefanyika kazi gani.

Kwa mwanzo panda mchicha, ambao huchumwa baada ya wiki tatu au nne, pamoja na mgagani, kunde za majani na bamia. Hizi hazilalamikii joto. Mnanaa uwekwe karibu na jiwe la udhu, kwani hupenda unyevu, na mchaichai ukae pembeni usije ukatawala kitanda kizima. Giligilani iachwe hadi Juni, miezi ya baridi kidogo. Ikipandwa Oktoba hukimbilia kutoa maua kabla hujapata kiganja cha majani.

Wiki ijayo, in shaa Allah, tutaeleza namna ya kukausha majani ya kunde na mgagani kivulini.